Oili Inakwenda Wapi? Kupima Kiwango na Kusaka Uvujaji Kwenye Gari Lililotumika

Gari langu la pili lilikuwa linaacha doa moja la oili kila asubuhi, doa la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Fundi wa kwanza aliingia chini, akatoka baada ya dakika mbili na hukumu mkononi: "Bosi, hiyo ni sili ya nyuma ya krenki. Tunashusha gia boksi." Tukashusha. Sili mpya, ule mpira wa kuzuia oili kwenye shafti kuu ya injini, ikaingia, gia boksi ikarudi, nikalipa, na kesho yake doa likawa palepale, ukubwa uleule. Wiki mbili baadaye jirani yangu, mzee aliyestaafu udereva wa lori, alipapasa nyuma ya silinda hedi kwa kidole, akakitoa kikiwa cheusi. Oili ilikuwa inatoka kwenye gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), inateremka mgongoni mwa bloku, inafika kwenye mshono wa injini na gia boksi, halafu inadondoka mahali ambapo sili mbovu ingedondokea. Gasketi yenyewe niliibadilisha Jumamosi asubuhi kwa spana namba 10, chai ikiwa bado ina moto.

Fundi yule hakuwa mwongo na mkono wake ulikuwa mzuri. Tulikosea mpangilio tu: tulifungua kabla ya kujua. Oili ya injini ikipungua, ama inavuja nje, ama inaungua ndani, ama imeingia mahali pasipo pake kama kwenye maji ya rejeta. Kila njia ina ushahidi wake, na ushahidi huo unapatikana kwa kitambaa, boksi la karatasi, tochi na daftari.

Dipstiki kwanza

Egesha mahali tambarare. Mitaa yetu mingi ina mteremko ambao macho yameshauzoea, kwa hiyo ukiwa na shaka laza chupa ya maji chini uone kama inabingirika. Washa injini mpaka ipate joto lake la kawaida, zima, kisha ngoja dakika tano hadi kumi ili oili iliyoko juu irudi kwenye sampu, karai la oili chini ya injini. Vuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, irudishe mpaka mwisho kabisa, ivute tena. Mvuto wa kwanza hauhesabiwi, kwa sababu oili ilikuwa imerukia kwenye bomba na kulowesha kijiti chote. Shika ncha ikitazama chini. Ukiinua ncha juu kama mwalimu na chaki, oili inateremka kuelekea mkononi na utasoma uongo. Tazama pande zote mbili; mara nyingi upande mmoja unasoma juu zaidi kwa kuwa umesugua ukuta wa bomba. Amini upande unaosoma chini.

Alama ni mbili, L (chini) na F (imejaa), au vitundu viwili, au mikato miwili. Kwenye injini nyingi ndogo za petroli nafasi iliyo kati yake ni karibu lita moja. Sasa chukua 1NZ-FE, injini iliyomo kwenye Vitz, IST, Probox na Raum nyingi zinazozunguka Dar es Salaam na Nairobi: yote inabeba takriban lita 3.7 pamoja na filta. Dipstiki ikigusa alama ya chini, zaidi ya robo ya oili haipo, na ile iliyobaki inafanya kazi ya yote, inapata moto zaidi na kuchakaa upesi. Pima kila wiki. Kama gari ni geni kwako, pima kila unapojaza mafuta kwa mwezi wa kwanza.

Kuna kosa moja ambalo limeua injini nyingi kuliko uvujaji wenyewe, nalo ni kuisubiri taa. Ile taa nyekundu yenye picha ya kibirika inatazama presha ya oili. Kiwango haikijui. Unaweza kuwa na lita mbili pungufu na dashibodi ikawa kimya kabisa, mpaka siku unapanda mlima wa Kitonga kule Iringa na gari limejaa abiria: oili inalala nyuma ya sampu, pampu inavuta hewa, taa inapepesa kwenye kona kisha inazima. Wengi wanafurahi kwamba imezima. Ikiwaka, hata kwa kupepesa, weka pembeni na zima injini hapohapo, usijipe moyo kwamba sheli iko kilomita mbili mbele. Pima, ongeza, washa. Kama kiwango kiko sawa na taa bado inawaka, gari linavutwa.

Ukiongeza, mimina robo lita, ngoja dakika mbili tatu, pima tena. Ukifika karibu na F, acha. Huna haja ya kuigusa F yenyewe.

Ziada nayo ni ugonjwa

Watu wanaogopa upungufu, lakini ziada wanaiona kama sadaka. Ziada ikiwa kubwa, krenki inaipiga oili kwa kasi na kuitia povu, na povu halishiki presha kama oili. Hewa ya ndani ya injini inaongezeka nguvu, inasukuma oili kwenye sili zilizokuwa zimetulia, na nyingine inavutwa kupitia valvu ya PCV (ile inayotoa gesi za ndani ya injini) kwenda kuungua. Mwenye gari anaona moshi na madoa, anaambiwa injini imekwisha, kumbe kuna lita moja iliyozidi.

Chanzo chake ni kile kile karibu kila mara. Kopo la dukani ni la lita nne. Injini inataka 3.7, tena kama filta haikubadilishwa inataka pungufu ya hapo. Fundi hakusubiri oili ya zamani itiririke mpaka mwisho, akafunga nati ikiwa bado inadondoka, kisha akamimina kopo zima kwa sababu limeshafunguliwa na ni mali yako. Milimita mbili juu ya F hazina madhara ya kuonekana. Ukiona kidole kizima juu ya F, punguza: sukuma mpira mwembamba kwenye tundu la dipstiki na uvute kwa bomba kubwa la sindano, au legeza nati ya sampu kwa uangalifu injini ikiwa vuguvugu, uchuje kidogo kidogo kwenye chombo chenye vipimo.

Na ukikuta kiwango *kinapanda* bila mtu kuongeza, hapo usichuje tu ukaondoka. Nusa dipstiki. Harufu ya petroli maana yake mafuta yanapenya kwenye silinda na kuteremka kwenye oili, pengine kwa sababu ya injekta inayovuja au silinda inayomisi, yaani isiyochoma sawasawa. Rangi ya chai ya maziwa kwenye dipstiki maana yake maji ya rejeta yamo, na mshukiwa wa kwanza ni gasketi ya silinda hedi. Gari hilo lisiwashwe tena mpaka lifunguliwe.

Hapa niweke tahadhari moja, maana nimeona watu wa Njombe na Limuru wakitishwa bure. Kwenye baridi, gari linaloendeshwa safari fupi fupi hutengeneza utando mweupe kama siagi chini ya kifuniko cha oili. Ni mvuke wa maji uliogeuka matone pale juu kwa kuwa injini haipati muda wa kuukausha. Kama dipstiki ni safi, maji ya rejeta hayapungui wala hayana mafuta juu yake, endesha gari saa nzima barabara kuu, futa kifuniko, uangalie tena baada ya wiki. Ukiuona utando huo Tanga au Mombasa mwezi wa Februari, maelezo ya baridi usiyakubali.

Rangi nyeusi peke yake haikwambii kitu kibaya. Oili inayosafisha injini lazima ichafuke, na kwenye dizeli inakuwa nyeusi siku ileile uliyoibadilisha. Cha kuogopa ni oili nzito kama lami, yenye chembe za kung'aa, au yenye harufu ya kuungua.

Siku ya kukagua gari unalotaka kununua

Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Tanzania inapokea hata la zamani zaidi kwa kulitoza kodi ya uchakavu. Kwa hiyo gari linaloitwa "jipya" yadini linaweza kuwa na sili za mpira zenye umri wa mwanafunzi wa sekondari, zilizokaa kwenye moto wa injini miaka yote hiyo na kukakamaa. Kuvuja kidogo kwa gari la namna hiyo ni jambo la umri. Usilikatae gari kwa jasho. Likatae kwa kudanganywa.

Mwambie dalali mapema kwamba injini isiwashwe kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti kwa kiganja. Ikiwa na joto, uliza kwa nini, na uwe tayari kurudi kesho asubuhi, kwa sababu moshi wa kwanza wa asubuhi ni ushahidi ambao muuzaji ameshautumia peke yake. Vuta dipstiki injini ikiwa baridi. Oili mpya ya rangi ya asali kwenye gari ambalo "halijaguswa tangu bandarini" ni hadithi mbili zisizokaa pamoja. Ishike kati ya vidole: ikinata na kuvutika kuliko oili ya kawaida ya 5W-30 (namba za uzito wa oili) ambayo injini nyingi za Kijapani za miaka ya 2000 hutumia, huenda wametia oili nzito ili kufunika moshi na kelele.

Injini iliyooshwa ikang'aa kama sahani, mimi huiangalia kwa jicho moja. Vumbi kavu la Dodoma juu ya bloku ni cheti kizuri kuliko kung'aa, kwa sababu vumbi lililolowa oili haliwezi kusema uongo. Ukiikuta imeoshwa, omba safari ya majaribio ya nusu saa, rudi, zima, na hapo ndipo uingize tochi chini. Sogeza pia gari kutoka pale lilipoegeshwa na utazame ardhi iliyokuwa chini yake, tena tazama kama kuna mchanga mpya ulionyunyizwa.

Boksi chini ya gari

Kwa gari lililo lako tayari, kazi ya kwanza ni kujua kinachodondoka ni nini. Chukua boksi kubwa la karatasi, lile la friji au televisheni, lifungue, lisukume chini ya injini usiku. Chora mshale wa kuelekea mbele na alama ya mahali tairi mbili za mbele zilipo. Asubuhi boksi linakupa ramani.

Kahawia au nyeusi chini ya injini ni oili ya injini. Nyekundu ni oili ya gia boksi ya otomatiki au ya steringi. Kahawia yenye harufu kali kama ya yai bovu ni oili ya gia ya manyuo au difu. Majimaji ya njano hafifu, mepesi, karibu na tairi, ni mafuta ya breki, na gari hilo haliendi popote. Maji matupu upande wa abiria ni ya kiyoyozi, yaache.

Utata upo kwenye nyekundu, kwa sababu kulanti (maji ya rejeta) ya Toyota nayo ni nyekundu au ya waridi. Dondosha tone kwenye bakuli la maji. Kulanti inachanganyika na kupotea, oili inaelea na kufanya duara. Jaribio hili la sekunde tano limeokoa gia boksi kadhaa zisishushwe.

Ukishakuta kwamba ni oili ya gia boksi, kumbuka kipimo chake ni tofauti. Otomatiki nyingi za Toyota zenye dipstiki hupimwa injini ikiunguruma, ikiwa na moto, gia ikiwa P baada ya kupitishwa kwenye gia zote. Honda za zamani hupimwa injini ikishazimwa, ndani ya dakika moja hivi. Nyingi za CVT (otomatiki zisizo na hatua za gia) hazina dipstiki kabisa, na hapo kazi ni ya fundi mwenye kifaa. Ukipima ya Toyota kwa utaratibu wa Honda itasoma juu, nawe utaiacha ikiwa pungufu bila kujua.

Osha, ndipo utazame

Injini ambayo imevuja miaka mitatu imefunikwa na tope la oili na vumbi. Huwezi kusoma kitu hapo, na fundi yeyote anayekuonesha "chanzo" kwenye tope hilo anabahatisha. Isafishe ikiwa imepoa. Tumia dawa ya kusafishia injini au sabuni ya unga kwenye maji ya vuguvugu, brashi na subira. Funga altaneta, koili za plagi na soketi za umeme kwa mfuko wa nailoni. Usielekeze mashine ya maji ya presha moja kwa moja kwenye sili, inasukuma maji ndani. Na petroli usiitumie, hata kama gereji ya jirani wanaitumia kila siku; cheche moja ya betri inatosha.

Ukimaliza, endesha kilomita kumi au ishirini, zima, tazama kwa tochi. Hukuona kitu? Endesha mia, tazama tena. Uvujaji wa polepole una ujanja wake: paka poda ya mtoto kwenye eneo lililokauka, ndogo tu kwa brashi ya rangi, kisha endesha. Poda nyeupe inaonesha mfereji mweusi mwembamba unaoanzia kwenye kosa lenyewe. Gereji zenye vifaa zitatia rangi maalumu kwenye oili na kumulika kwa taa ya urujuanimno (UV). Inafanya kazi, lakini poda inauzwa duka la Mangi.

Ukiingia chini ya gari, liweke juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake inashuka. Tofali za saruji zinapasuka bila kuaga.

Tafuta kutoka juu

Oili inateremka kwa uzito wake, na upepo wa safari unaisukuma nyuma. Kwa hiyo mahali palipolowa zaidi ni mwisho wa safari tu. Unachotafuta ni pahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa penye unyevu. Juu yake pakiwa pakavu, hapo ndipo penyewe. Nenda kwa mpangilio huu na usiruke hatua kwa kuwa eti "sidhani".

Kifuniko cha kumiminia oili kina mpira wake. Ukikakamaa, oili inarashia juu ya tapeti kava na kudanganya kwamba gasketi imekufa. Badilisha mpira huo au kifuniko chote, ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha hii.

Kabla ya gasketi yoyote, valvu ya PCV. Nasisitiza hii kwa sababu gereji nyingi hazijui hata iko wapi. Injini ikifanya kazi, gesi kidogo hupenya pembeni mwa pistoni na kuingia kwenye sampu. Valvu hii inazitoa na kuzirudisha ziungue. Ikiziba kwa masizi, presha inajaa ndani na kutafuta pa kutokea, na itatokea kwenye sili dhaifu kuliko zote. Unabadilisha sili hiyo, presha inahamia kwa jirani yake. Watu wamebadilisha sili tatu kwa ugonjwa mmoja. Aina nyingi ukiichomoa na kuitikisa inalia kama njuga, isiyolia imeganda. Angalia pia bomba lake la mpira, maana linabonyea na kujifunga.

Halafu gasketi ya tapeti kava. Papasa ukingo wake wote kwa kidole, hasa nyuma na upande wa ekzosi, ambako moto unaikausha haraka. Harufu ya oili inayoungua ukisimama kwenye foleni, na moshi mwembamba unaotoka kando ya boneti, mara nyingi ni tone linalodondokea ekzosi kutoka hapa. Chomoa koili uangalie mashimo ya plagi: oili ikijaa humo injini inaanza kumisi, na dawa ni sili za duara za mashimo hayo, ambazo huja pamoja na gasketi kwenye seti nzuri. Wakati wa kufunga, bolti za kava hili zinataka nguvu ndogo, karibu Nm 10, yaani spana fupi na kifundo cha mkono. Anayezikaza kwa mwili mzima anaikunja kava na kuanzisha uvujaji mpya.

Jirani zake ni vitu vidogo vyenye oringi (pete za mpira): sensa ya kamshafti, na valvu ya oili ya VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, kwenye Toyota zenye mfumo huo. Oringi ikikauka inaacha mfereji mwembamba wima, rahisi kuufuata. Baada ya hapo tazama kava la mbele la cheni, ambalo kwenye injini nyingi limefungwa kwa silikoni. Likivuja kwa jasho tu, liache. Kazi yake ni kubwa na tone ni dogo.

Swichi ya presha ya oili inasahaulika kila mara. Ni kidude chenye waya mmoja kilichochomekwa kwenye bloku, na kinaweza kuvuja katikati ya mwili wake wenyewe, oili ikatokea kwenye plagi ya waya. Chomoa waya: ukikuta soketi imelowa oili, umeshapata. Hiki si cha kuahirisha, kwa kuwa kiko kwenye njia ya presha na siku kikiachia, oili inatoka kwa kumwagika.

Filta nayo iko kwenye presha. Ikivuja mara tu baada ya sevisi, izime gari, ifungue, uangalie kama mpira wa filta ya zamani umebaki umegandia kwenye bloku na mpya umekaa juu yake. Mipira miwili haishiki. Nati ya sampu ina washa (pete ya kuzuia uvujaji) inayopaswa kubadilishwa kila sevisi na karibu haibadilishwi kamwe. Mafundi wanakaza zaidi, meno ya sampu yanakwisha, kisha unaletewa nati kubwa zaidi yenye utepe mweupe wa mabomba. Pete mpya, nguvu ya kiasi, basi.

Chini kabisa zimebaki sili za krenki. Ya mbele iko nyuma ya puli, na ikivuja puli inarusha oili kwa mduara, kwa hiyo utaona mstari wa kurashiwa ukutani na kwenye mikanda. Ya nyuma ndiyo ile iliyonigharimu. Ihukumu hiyo mwisho kabisa, baada ya kuhakikisha kila kitu cha juu ni kikavu, na baada ya kutazama rangi: nyekundu kwenye mshono wa gia boksi ni sili ya gia boksi yenyewe, nyeusi ni ya krenki. Zote mbili zinataka gia boksi ishuke, kwa hiyo ikishashuka badilisha zote.

Hakuna doa, lakini oili inapungua

Boksi kavu usiku tatu, dipstiki inashuka: inaungua. Muombe mtu asimame nyuma ya gari asubuhi unapowasha kwa mara ya kwanza. Wingu la buluu linalotoka na kwisha ndani ya nusu dakika ni sili za valvu, maana oili ilidondoka usiku kucha juu ya valvu. Jaribio la pili linataka mteremko mrefu. Teremka Kitonga kutoka Iringa ukiwa umeachia mafuta, injini ikishikilia gari, na ukifika chini kanyaga huku ukitazama kioo. Wingu la ghafla la buluu linaelekeza kwenye sili za valvu au miongozo yake. Moshi wa buluu unaoendelea muda wote unapokanyaga, hasa ukipanda na mzigo, unaelekeza kwenye ringi za pistoni.

Ringi zina ushahidi mwingine. Injini ikiunguruma, fungua kifuniko cha oili taratibu na ukilaze juu ya tundu. Kutetemeka kidogo ni kawaida. Kikirukaruka na moshi ukatoka kwa mikupuo, mafundi husema injini inapumua. Lakini rudi kwanza kwenye valvu ya PCV, maana iliyoziba inaigiza ugonjwa huu vizuri sana. Kisha pima kompresheni (nguvu ya mgandamizo) kwenye silinda zote. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 15 hivi. Silinda iliyo chini, itie kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena: kompresheni ikipanda, ringi ndizo zimechoka, isipopanda, tazama valvu au gasketi.

Injini nyingine zilizaliwa na tabia hii. 1ZZ-FE za mwanzo, zilizoko kwenye Corolla na Spacio nyingi, zilikuwa na pistoni ambazo njia zake za kurudisha oili huziba masizi, na 2AZ-FE za miaka ya mwisho ya 2000 zilimfanya Toyota aongeze dhamana ya pistoni na ringi kwa wateja wa Marekani. Ukinunua gari lenye mojawapo ya hizi, fanya hesabu ya oili kabla ya hesabu ya rangi na viti.

Daftari la kilomita 1,000

Maneno "inakula oili kidogo" hayana uzito mpaka yawe namba. Jaza mpaka F, andika kilomita za dashibodi. Endesha 1,000, ukipima kila 250 na kuandika kila unachoongeza. Mwishoni jaza tena mpaka F kwa chombo chenye vipimo. Jumla ya ulichomimina ndiyo jibu.

Vitabu vingi vya Toyota vinasema ulaji unaweza kufika hadi lita moja kwa kilomita 1,000. Mimi naona huo ni ukarimu wa mwenye kiwanda. Chini ya robo lita kwenye gari la miaka kumi na tano, endesha na usimwambie mtu. Nusu lita, weka kopo la akiba kwenye buti, badilisha PCV, angalia tena miezi mitatu ijayo. Ikikaribia lita, piga hesabu ya kufungua injini dhidi ya bei ya gari lenyewe, ukijua pia kwamba oili inayoungua inaharibu plagi na kuziba masega ya ekzosi, yale ya kusafisha moshi.

Kutia oili nzito zaidi kunapunguza namba hiyo kwa muda, na kwa injini iliyochoka kupanda hatua moja ndani ya kile kitabu cha gari kinachoruhusu ni jambo la busara. Kuruka mpaka 20W-50 kwenye injini yenye VVT-i ni kumwibia Petro umlipe Paulo: njia zake nyembamba zinataka oili inayopita haraka asubuhi. Dawa za chupa za kuzuia uvujaji hulainisha sili zilizokakamaa, na kwa jasho la sili zinaweza kukununulia msimu mmoja. Gasketi iliyopasuka haiponi kwa chupa.

Kuhusu silikoni, ile nyekundu au nyeusi inayopakwa kama siagi: palipoundwa kwa silikoni, iweke nyembamba kwenye chuma kilichosafishwa na kukaushwa. Inayofurika nje inachekesha tu. Inayofurika ndani inakatika vipande, inaelea mpaka kwenye chujio la pampu, na hapo ndipo taa ya kibirika inapowaka kiwango kikiwa F. Ukimwona fundi anapaka silikoni juu ya gasketi mpya ya mpira, mzuie kwa upole. Makopo ya oili uliyomaliza yatoboe kabla ya kuyatupa, yasirudi dukani na oili bandia ndani. Oili chafu ihifadhi kwenye dumu. Mafundi seremala na wajenzi wanaitafuta kupakia nguzo dhidi ya mchwa, na mtaro haustahili kuinywa.

Baada ya matengenezo yoyote rudisha boksi jipya chini ya gari, usiku kwa usiku, na usipige kelele mapema. Oili ya zamani iliyojificha kwenye mikunjo ya bloku na juu ya kava za plastiki huendelea kudondoka siku mbili tatu. Wiki ile niliyofunga gasketi, asubuhi ya kwanza boksi lilikuwa na matone manne, ya pili mawili, ya tatu moja, nami nikawa nimeshashika simu kumwita mzee wa lori. Ya nne lilikuwa kavu.